Niliitikia "Guu" Badala ya "Mguu"

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba usinichoke hata kama barua ni ndefu, kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba wiki ya tatu sasa na kila nikitaka kulitua sioni pa kulitulia, nyumbani siwezi, kazini ndiyo kabisa, na wewe angalau hunijui sura. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha sabuni, ile sabuni ya miche ya kufulia, tuko wafanyakazi wanane na mwenye kiwanda wa tisa, na huu ni mwaka wangu wa saba pale. Watu wananiita shujaa. Hilo ndilo tatizo langu, na sasa nieleze tangu mwanzo usije ukadhani nimekuandikia kujisifu.

Katikati ya kiwanda chetu kuna tangi la kukorogea, la chuma, refu kuliko watu wawili waliobebana, mpaka upande ngazi ndiyo ufike mdomoni, na ndani yake kuna mapanga manne yanayozunguka kukoroga mafuta na magadi mpaka yashikane yawe uji wa sabuni. Kila asubuhi kabla ya kazi watu wawili wanashuka humo kukwangua sabuni ya jana iliyogandia ukutani, wakishatoka ndiyo mashine inawashwa. Sasa swichi ya kuwashia iko ukuta wa upande wa pili, na tangi limekaa katikati kama mgeni mnene aliyelikalia kochi lote peke yake, kwa hiyo anayewasha hatuoni sisi wala sisi hatumwoni, anachoweza ni kutusikia tu.

Anayewasha ni mama mmoja mtu mzima, mwembamba, mpole, sote tunamwita Mama Swichi, na ufunguo wa swichi anauvaa shingoni kwa uzi mweusi. Huyo mama ndiye aliyeuanzisha utaratibu wetu. Zamani, nasikia, watu walikuwa wanaitwa wanajibu "nipo," yeye akaikataa, akasema "nipo" haina mwenyewe, yeyote anaweza kuiokota, akataka kila mtu achague msemo wake mmoja, wa hatari au wa ushujaa au wa akili tu ya kawaida, awe anauitikia huohuo kila siku, na yeye akishaisikia misemo saba ndiyo anajua watu saba wako nje ya tangi.

Ungetusikia asubuhi, mshauri, ungecheka. Anaanza na mpishi wa sabuni, naye anasema, "Mchezea wembe humkata, na mimi nimebakiwa na tisa," maana yake vidole. Anakuja dada wa kukata miche, "Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuuliza ukiwa umeshalazwa." Fundi umeme wetu alijitungia wake, "Umeme hauulizi mtoto wa nani." Wa toroli anasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," na sakafu yetu ilivyo na utelezi hakuna anayembishia. Mzee wa stoo wake ni "Heri nusu shari kuliko shari kamili," na huo anautoa hata ukimuuliza habari za mke wake. Mimi wangu ni "Mdomo huponza kichwa," sikuuchagua, nilipewa na Mama Swichi wiki ya kwanza niliyoanza kazi, na utaona mwenyewe alikuwa ameniona mbali. Wa mwisho ni shemeji yangu. Akishamaliza shemeji, mama mwenyewe anafunga kwa kusema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," sisi wote tunajibu, "Basi washa," unasikia kitufe, unasikia mapanga yanaanza kuguna.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu, na kazi pale nilimtafutia mimi, yeye ndiye mkwanguaji. Msemo wake ni ule wa asiyesikia la mkuu, ila yeye tangu siku ya kwanza anasema "huvunjika mguu." Tumemwambia ni guu, nimemwambia mimi mwenyewe mara zisizo na idadi, kwamba ni guu ili ikae vizuri na mkuu, yeye anajibu, "Guu ndiyo nini, mimi mama yangu alinizaa na mguu." Miaka miwili hiyo. Mimi neno likipinda linaniwasha mwilini, kwa hiyo kila asubuhi akisema mguu, mimi kimoyomoyo nanyoosha, guu.

Kuna jambo jingine lazima ulijue. Tangu utotoni naweza kuigiza sauti ya mtu. Nilikuwa naigiza sauti ya marehemu baba, nasimama nyuma ya mlango nasema, "Nani kaacha taa inawaka?" na dada zangu wanakimbia kama kuku. Kazini hakuna anayejua, nilishaacha mambo hayo, ni dada tu anayekumbuka.

Basi Jumatano moja, wiki tatu zilizopita, shemeji na mpishi walishakwangua, walishatoka, mpishi akaenda kunawa mikono, na sisi tukashika nafasi zetu. Mimi na shemeji nafasi yetu iko nyuma ya fremu za kugandishia sabuni, zimepangwa juu mpaka hakuna anayetuona. Nikageuka, shemeji hayupo. Nikajua yuko getini anapiga simu nyumbani, ana tabia hiyo, na alishasemwa mara mbili na bosi kwa kuchelewa, na nikawaza akisemwa ya tatu dada atanijia juu mimi kwamba kwa nini simwangalii mume wake. Mama Swichi akaanza kuita. Mpishi akaitikia, dada wa miche akaitikia, fundi, toroli, stoo, nikaitikia mimi, halafu akaita, "Mkwanguaji." Nikageuza uso ukutani nikamwitikia shemeji yangu kama tulivyokuwa tunaitikiana shuleni mwenzio akichelewa. Sauti ilikuwa ni yake kabisa, mshauri, hata mimi mwenyewe niliisikia nikaipenda. Ila nilisema guu.

Sikujua kama nimesema guu. Nilikuwa nangoja ule msemo wa mama wa kufunga, haukuja. Tangi lile ukilizoea hata likiwa limezimwa unahisi kama linapumua, siku ile halikupumua. Kisha nikasikia upande wa pili, taratibu, "Mkwanguaji, rudia."

Ningeweza kurudia, niliufumbua na mdomo, nikaufumba. Nikasikia ndala zake zinakuja, pa, pa, pa, zinazunguka tangi bila haraka, akatokea kwenye fremu zetu, ufunguo ameshauchomoa ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akaitazama nafasi ya shemeji yangu ilivyo tupu. Akanitazama mimi. Akasema, sauti ndogo tu, "Wangu ana mguu." Wengine walioisikia walidhani mama wa watu anaweweseka, mimi peke yangu ndiye niliyeelewa, nikaishika fremu.

Halafu ndani ya tangi tukasikia chuma kinagonga chuma, ngo, kinanyamaza, ngo.

Kumbe shemeji alikumbuka ameacha kikwangulio chini, na kikiachwa mle mapanga yanavunjika, akarudi peke yake dakika ile mpishi yuko bombani, mvuke wa magadi ukamlevya, akakaa chini ya mapanga, hana nguvu ya kupiga kelele. Mimi nilipanda ile ngazi sijui kwa miguu ipi, nikashuka, nikamfunga kamba kiunoni, wenzangu wakavuta, akatoka. Daktari akasema ni mvuke, apumzike siku mbili. Ni mzima mpaka leo, anakula, anacheka.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Watu wote waliisikia sauti ya shemeji ikiitikia, kwa hiyo wakakubaliana kwamba aliitikia akiwa mle ndani, amelewa mvuke, na yeye mwenyewe ameamini, anasema, "Mimi hata nikizimia naitikia." Bosi akampa barua ya onyo kwa kosa la kuitikia akiwa ndani ya tangi. Mimi nikaitwa shujaa kwa kuwa wa kwanza kupanda. Dada alinishika mikono yote miwili akalia, akasema nimemrudishia mume wake, ila wakati natoka akanisindikiza mlangoni akaniambia, "Ajabu tu, anasema hakumbuki kabisa kuitikia," akanitazama kidogo, akafunga mlango.

Mama Swichi hajamwambia mtu. Siku ileile jioni tulibaki wawili tunavua aproni, nikamwambia, mama, naomba... hakuniacha nimalize. Akasema, "Mwanangu, kidole changu kilishakigusa kitufe. Ubaridi wake ninao mpaka sasa hivi." Kisha akasema, "Mimi sina la kueleza. Sauti haikuwa yangu." Akaondoka. Mshauri, nimewahi kuona mtu anabeba pipa peke yake, nimewahi kuona mtu anapita katikati ya moto kumtoa mwenzake, sijaona kitu kikubwa kama kile kidole kilichofika kwenye kitufe na kikakataa kwa ajili ya herufi moja. Asubuhi elfu na zaidi amesikia maneno yaleyale, sisi tunayatema kama maganda, kumbe yeye anasikiliza kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Nikimkumbuka namwogopa kuliko ninavyoliogopa tangi.

Na tangu siku ile ameanza jambo la ajabu. Akifika kwangu ananiita, naitikia mdomo huponza kichwa, ananyamaza, halafu ananiita tena mara ya pili. Naitikia tena vilevile. Anangoja kidogo, anaendelea na wengine. Kila siku, mimi peke yangu. Wenzangu wanacheka, wanasema Mama Swichi masikio yameisha betri. Mpaka bosi kasikia, Ijumaa akatukusanya, akasema mama ametumika sana, masikio yamechoka, mwisho wa mwezi apumzike, na ufunguo wa swichi akabidhiwe shujaa wetu. Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu ndiye aliyepiga kuliko wote, akaniambia, "Sasa nitakuwa nashuka mle bila wasiwasi, ufunguo ukiwa na wewe."

Zimebaki siku sita. Nimewaza niseme naumwa shingo siwezi kuvaa ufunguo. Nimewaza niache kazi. Nimewaza niupokee na niwe mwangalifu kuliko mtu yeyote, iwe ndiyo kafara yangu, na hiyo siri tufe nayo mimi na mama. Si wahenga wenyewe wamesema kwa mwoga huenda kicheko? Nikisema, shemeji hatanitazama tena, dada hatanifungulia mlango, na kazi nitakosa. Nisiposema, kila mtu yuko sawa. Nifanye nini?

Ni mimi,
Shujaa wa Watu


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu,

Pole. Hiyo pole ni ya kweli, kwa sababu najua kila usiku unausikia ule mlio wa mapanga ambao haukulia. Umeshaipata, sasa tuzungumze.

Nianze na mama huyo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye ndala zinazozunguka tangi nasimama. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na saba. Nimesikia ya walioiba, ya waliokimbia, ya waliorudi. Sijawahi kusikia sikio la namna hiyo. Sisi watu wa misemo tunaisema kama tunavyokohoa, mtu anakuambia "tahadhari kabla ya hatari" huku anavuka barabara anaandika meseji. Ninyi mlikuwa saba mnaimba hekima kila asubuhi, na hekima yenyewe ilikuwa imesimama upande wa pili wa tangi, inawasikiliza. Nimeona haya kwa niaba ya redio zote na magazeti yote, na mimi nikiwemo.

Sasa wewe. Kumwitikia shemeji yako ulikuwa ujinga, tena ujinga wa mtu mwema, ule unaoua watu wengi kuliko ubaya. Ulidhani unamfichia kuchelewa. Hilo mtu anaweza kulisamehe, kwa sababu hata wewe hukujua. Lakini baada ya hapo ulijua. Shemeji amepewa barua ya onyo kwa sauti yako, ukaiona, ukanyamaza. Mama wa watu anachekwa kwamba hasikii, yeye aliyesikia M iliyopungua, ukanyamaza. Ukapigiwa makofi, ukasimama pale ukayapokea. Halafu unaniandikia kwamba usiposema "kila mtu yuko sawa." Yupi huyo aliye sawa, baba? Nitajie mmoja.

Na huo msemo wa mwoga na kicheko urudishe ulikoutoa, umeushika kwa makali. Mwoga anayesifiwa pale ni yule anayeiogopa mashine, anayekagua mara mbili, anayechekwa jioni akiwa mzima na watoto wake. Mama yenu kila asubuhi alikuwa anawafundisha kuwa waoga wa namna hiyo. Mtu anayemwogopa shemeji yake hakutajwa humo. Tena tazama vizuri kicheko kimekwenda wapi safari hii. Woga ni wako, kicheko kimepelekwa kwa mama. Umempelekea mgeni asiyekuwa wake.

Unauliza kwa nini anakuita mara mbili, au hukuuliza, umenieleza tu kama kioja. Ndugu yangu, wewe ni mtu wa sauti na hukuisikia hii? Aliyesikia guu na mguu kupitia tangi la chuma hawezi kukosa kumsikia mtu anayepaza "mdomo huponza kichwa." Siku ile uliitikia mara mbili. Mara moja kwa sauti yako, mara moja kwa sauti ya mwenzio. Kwa hiyo anakuita mara mbili. Ile ya kwanza anataka kujua kama uko nje ya tangi. Ile ya pili anakungojea wewe. Na anajua watu wanamcheka, anajua na bosi amesikia, na anaendelea kukuita vilevile, kazi yake inakwisha mbele ya macho yake na bado hajakutaja. Mimi nisingeweza. Nakuambia ukweli, ningekuwa nimeshakutangaza gazetini.

Sasa utafanya hivi, na usinipunguzie hata kimoja.

Leo ukitoka kazini, pitia nyumbani moja kwa moja, oga, kisha nenda kwa dada yako na jua bado lipo. Usimtangulize mama yenu mzazi wala mkubwa yeyote wa kukuombea, hii si posa. Wakae wote wawili. Usianze na "nisameheni," maana ukianza hivyo watakuhurumia kabla hawajajua, na huo nao ni wizi. Anza na lile neno. Sema, "Siku ile aliyeitikia ni mimi, na nilisema guu." Dada yako atakuwa wa kwanza kuelewa. Usidhani utamshtua, yule alishaisikia sauti ya baba nyuma ya mlango siku nyingi, alipokusindikiza alikuwa anakupa nafasi na wewe ukaiacha ukaenda zako. Shemeji akikasirika mwache akasirike. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, ondoka, na kesho msalimie kama kawaida. Usimwambie kwamba ndiye uliyemtoa mle, analijua hilo, na ni kweli ulimtoa, hakuna atakayekunyang'anya. Ngazi ulipanda. Ila mtu hawezi kudai shukrani ya kuzima moto aliousogezea kuni mwenyewe.

Kuhusu ufunguo, usiumwe shingo. Uongo wa pili hauponyi wa kwanza, unaupa mwenza tu. Mwambie bosi, mbele ya shemeji yako, kwamba barua ile ya onyo imekosea mtu, aichane, na kama lazima aandike nyingine aandike jina lako. Mwambie pia masikio ya mama ni mazima kuliko kila kitu kilichomo kiwandani kwake. Kama atakuachisha kazi, utaondoka ukiwa umenyooka. Kama atakubakiza, omba usipewe ufunguo, omba kusimama karibu na huyo mama asubuhi, ufundishwe kusikiliza, mwaka mzima, bila kuushika. Mdomo unao. Kilichobaki ni sikio.

Na jambo moja la akili ya kawaida, ambalo nawaambia wote wanane, na bosi wenu kama anasoma. Msemo ni mzuri, lakini msemo si kufuli. Kuanzia sasa anayeshuka ndani ya tangi auvae ule ufunguo yeye mwenyewe shingoni, ashuke nao, apande nao, amkabidhi mama mkononi, na asishuke mtu peke yake hata kama ameacha mle pete ya ndoa. Mama asilazimike tena kuokoa roho ya mtu kwa herufi. Safari hii alikuwepo yeye. Siku nyingine atakuwepo mtu wa kawaida kama mimi na wewe.

Misemo yenu msiiache. Mwambieni tu shemeji abaki na mguu wake, na yeyote atakayemnyoosha tena nitamwandikia mimi.

Limebaki moja. Kesho asubuhi mtashika nafasi zenu, mpishi atasema vyake vya vidole tisa, dada wa miche atasema vyake, itafika zamu yako. Mama akikuita mara ya kwanza, mpe msemo wako kama siku zote. Kisha atanyamaza, wenzako watajiandaa kucheka, na atakuita mara ya pili. Usigeuze uso ukutani. Sema, kwa sauti yako, wote wasikie: "Guu lile lilikuwa langu, mama."

Hatakuita mara ya tatu.